Kupima Kloridi Kwenye Mkojo: Kuanzia Chupa ya Sampuli Hadi Jibu la Daktari

Kupima kloridi ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuhakikisha kwamba kloridi unayoipima imetoka kwenye figo za mgonjwa na si mahali pengine. Ioni hii, yaani chembe yenye chaji inayopatikana kwenye chumvi, imejaa kila upande: imo kwenye dripu ya chumvi, kwenye jasho la vidole, kwenye maji ya bomba, kwenye dawa ya klorini inayofutia meza, na kwenye asidi inayowekwa ndani ya chupa za mkusanyo ili mkojo usiharibike. Mashine haiwezi kutofautisha chanzo kimoja na kingine. Itasoma yote na kutoa namba nzuri yenye desimali yake. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye sampuli, kisha unaingia kwenye mashine na kwenye titresheni ya mkono, yaani kupima kwa kudondosha kemikali yenye nguvu inayojulikana hadi rangi igeuke.

Daktari anatafuta nini

Kipimo hiki huombwa zaidi mgonjwa anapokuwa na alkalosisi ya kimetaboliki, yaani damu imeelemea upande wa besi na bikaboneti imepanda. Swali ni moja: je, figo zinaishikilia kloridi au zinaimwaga? Mgonjwa aliyetapika kwa siku kadhaa amepoteza asidi ya tumboni, ambayo ni hidrojeni na kloridi. Figo zake hubana kloridi yote zinayoipata, na mkojo huwa na chini ya 20 mmol/L (milimoli kwa lita), mara nyingi chini ya 10. Mgonjwa wa namna hii kwa kawaida hupata nafuu akipewa maji ya chumvi. Kloridi ikizidi 40 mmol/L ilhali alkalosisi ipo, tatizo liko kwingine: homoni ya aldosteroni imezidi, au kuna kasoro ya kurithi ya mirija ya figo kama ugonjwa wa Bartter au wa Gitelman, au dawa ya kuongeza mkojo bado inafanya kazi mwilini.

Wengi huuliza kwa nini sodiamu isitoshe. Sababu ni kwamba katika alkalosisi figo hutoa bikaboneti, na bikaboneti haitoki peke yake, huburuta sodiamu na potasiamu. Unaweza kukuta mgonjwa aliyekaukiwa kabisa ana sodiamu ya 60 mmol/L kwenye mkojo, na mtu akadhani ana maji ya kutosha. Kloridi ya mgonjwa huyohuyo itakuwa 8. Namba hiyo ya 8 ndiyo inayosema ukweli, na ndiyo maana inastahili kupimwa kwa uangalifu.

Matumizi ya pili ni kwenye asidosisi, yaani damu imeelemea upande wa asidi, pale daktari anapotaka kujua kama figo zinatengeneza amonia ipasavyo. Hilo linahitaji hesabu ya sodiamu, potasiamu na kloridi pamoja. Tutalifikia mbele.

Sampuli ya mara moja

Kwa swali la alkalosisi, mkojo wa mara moja unatosha. Tumia kikopo kipya, kikavu, kisicho na dawa yoyote ndani. Mililita 10 zinatosha kwa mashine. Kwa titresheni ya mkono omba 50, ili upate kurudia.

Andika kwenye fomu saa sampuli ilipochukuliwa, na dawa ya kuongeza mkojo aliyotumia mgonjwa pamoja na saa ya dozi ya mwisho. Hili si jambo la urasimu. Dawa kama furosemide au hydrochlorothiazide ikiwa bado ina nguvu, kloridi hupanda na mgonjwa anafanana na mwenye ugonjwa wa figo. Nguvu ya dawa ikishakwisha, figo huanza kubana chumvi na kloridi hushuka chini ya 20. Mtu mmoja, siku moja, majibu mawili yanayopingana, na yote ni sahihi. Bila saa ya dozi jibu lako halisomeki.

Uliza pia kuhusu dripu. Sodiamu kloraidi ya asilimia 0.9 ina 154 mmol/L ya kloridi. Sampuli iliyochukuliwa baada ya lita mbili za dripu hiyo inaonyesha matibabu na haionyeshi tena hali ya mgonjwa alivyofika. Sampuli ichukuliwe kabla ya dripu, hata kama itakaa kwenye friji ikisubiri. Kama mgonjwa ana mpira wa mkojo, usichukue mkojo wa kwanza baada ya mpira kusafishwa kwa maji ya chumvi, na usichukue kwenye mfuko uliokaa usiku kucha. Chukua kwenye sehemu maalumu ya kuchotea iliyo juu ya mfuko.

Mkusanyo wa saa 24, na balaa la asidi

Mkusanyo huu hufaa pale daktari anapotaka kujua jumla ya chumvi inayotoka kwa siku. Mgonjwa aelezwe hivi: ukiamka asubuhi, kojoa chooni na uandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chupa, mchana na usiku, hadi kesho saa ileile, ambapo unakojoa mara ya mwisho na mkojo huo unaingia chupani. Makosa yanayojirudia ni mawili: mgonjwa kuuweka ule mkojo wa kwanza, au kuusahau ule wa mwisho. La kwanza hupandisha jibu, la pili hulishusha. Mkumbushe pia kukojoa kabla ya kwenda haja kubwa, kwa sababu hapo ndipo mkojo mwingi hupotelea. Chupa ikae mahali pa baridi, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi.

Kloridi haihitaji dawa ya kuhifadhia. Ni ioni tupu, bakteria hawaili wala haivunjiki. Kwenye friji inakaa salama kwa siku 7. Shida inaanza pale mgonjwa anapopewa chupa iliyoandaliwa kwa ajili ya kipimo kingine, mathalani kalisi au homoni za adrenalini, ambazo mara nyingi hutiwa asidi hidrokloriki. Tufanye hesabu: mililita 25 za asidi hiyo yenye nguvu ya 6 mol/L zina milimoli 150 za kloridi. Mtu mzima hutoa milimoli 110 hadi 250 kwa siku nzima. Maana yake umemwongezea mgonjwa siku nyingine ya kloridi kabla hajakojoa hata mara moja. Hakuna hesabu ya kutoa kiasi hicho baadaye inayoaminika, maana aliyemimina asidi hakupima kwa pipeti. Sampuli hiyo ikataliwe kwa kipimo cha kloridi.

Njia ya kuigundua ni rahisi na ifanywe kwa kila chupa ya saa 24 inayoingia: chovya karatasi ya pH. Figo ya binadamu haiwezi kutengeneza mkojo wenye pH ya chini sana ya 4.5. Ukisoma 1 au 2, hapo kuna asidi, hata kama lebo haikusema. Kazi hii inachukua sekunde chache na inaokoa jibu zima. Mirija yenye asidi ya boriki ya kuotesha bakteria nayo isitumike: mingi ina chumvi za sodiamu ndani yake, kwa hiyo hata kama kloridi itasalimika, sodiamu itaharibika na hesabu ya pamoja itapotoka.

Chupa ikifika, igeuze taratibu mara 10 hadi 15 kabla ya kuchota chochote. Pima ujazo wote kwa silinda ya kupimia, usikisie kwa mistari ya chupa. Andika ujazo kwa mililita na muda halisi wa mkusanyo, kwani wapo wanaoleta saa 20 wakaziita 24. Pima pia kriatini ya mkusanyo huohuo, yaani taka ya misuli inayotoka kwa kiasi kinachokaribiana kila siku. Wanaume ambao si wazee hutoa takriban mg 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wanawake mg 15 hadi 20. Mwanamume wa kilo 70 akiwa na mg 600 tu kwenye chupa nzima, mkusanyo haukukamilika, na kloridi yake ya siku haina maana hata kama mashine iliisoma vizuri.

Kabla ya kupima, acha mkojo ufikie joto la chumba. Mkojo uliotoka kwenye friji mara nyingi huwa na ukungu wa fosfeti au urati. Ukungu huo haubebi kloridi, lakini huziba mirija ya mashine. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 5 hadi 10 na utumie maji ya juu.

Kupima kwa elektrodi

Maabara nyingi hutumia elektrodi inayochagua ioni. Utando wake hupokea kloridi, na tofauti ya volti kati yake na elektrodi ya rejea hugeuzwa kuwa mmol/L. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kloridi ikiongezeka mara kumi volti hubadilika kwa takriban 59 mV. Kutokana na hapo utaona kwa nini elektrodi chafu ni hatari: kosa la 1 mV tu hugeuka kuwa takriban asilimia 4 ya jibu. Mkojo wa 100 unasomeka 104 na hakuna taa itakayowaka.

Jambo la kwanza ni kuchagua hali ya mkojo kwenye mashine. Hali ya seramu imepangwa kwa kloridi ya damu, ambayo kwa mtu mwenye afya iko kati ya 98 na 107 hivi, na imesawazishwa karibu na hapo. Mkojo unaweza kuwa 5 au 300. Hali ya mkojo hutumia suluhisho zake za kusawazishia na mara nyingi kipimo chake cha kuchanganyia. Mashine za gesi za damu nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya mkojo kabisa. Soma kitabu cha mashine yako kabla ya kuingiza hata tone.

Sawazisha, kisha pitisha kontroli mbili za mkojo, yaani sampuli ambazo jibu lake linajulikana, moja ya chini na moja ya juu. Kontroli ya seramu haitoshi: haina urea nyingi, haina rangi, na haifiki kwenye namba za chini ambako uamuzi wa daktari unafanyika. Kontroli ya chini ndiyo ya kuikazia macho. Ikipotoka kwa 6 mmol/L kwenye eneo la 20, mgonjwa anahama kundi la matibabu. Upotokaji huohuo kwenye 200 hauna athari.

Jibu likiwa chini ya mpaka wa chini wa mashine, liripoti kama "chini ya" mpaka huo. Usitoe namba iliyoonekana kwenye skrini ati kwa sababu imeonekana. Likiwa juu ya mpaka wa juu, punguza sampuli mara mbili kwa kimiminika anachoelekeza mtengenezaji, pima tena na uzidishe. Baada ya sampuli ya juu sana pitisha maji yaliyokenekwa kabla ya sampuli inayofuata, maana mabaki hubebwa kwenye sindano na mirija. Sampuli ya 8 iliyofuata sampuli ya 280 irudiwe bila kuuliza.

Yanayopotosha elektrodi ni machache lakini yanajulikana. Bromaidi ndiyo mbaya zaidi: elektrodi huipokea kama kloridi, tena kwa nguvu kuliko kloridi yenyewe. Iodaidi, thayosianati na salisilati kwa wingi nazo hupandisha jibu, hasa kwenye elektrodi za utando wa plastiki. Ukiona kloridi ya juu isiyolingana na sodiamu na potasiamu, uliza orodha ya dawa kabla ya kulaumu mashine. Elektrodi ya rejea nayo ina potasiamu kloraidi ndani. Ikivuja au kukauka pembeni na kuacha fuwele nyeupe, kontroli ya chini hupanda kidogo kidogo siku hadi siku. Futa fuwele kwa maji yaliyokenekwa na ukague mpira wa kuzibia.

Ukitaka kujua kama mkojo fulani unaisumbua mashine, kuna jaribio ambalo halihitaji vifaa vipya. Changanya ujazo sawa wa mkojo huo na suluhisho la sodiamu kloraidi la 100 mmol/L. Mkojo uliosoma 40 ukichanganywa hivyo unapaswa kusoma 70. Kati ya 66.5 na 73.5 ni asilimia 5 huku na huku, na hapo unaweza kuuamini. Ukipata 80, kuna kitu kwenye mkojo huo au kwenye elektrodi hiyo.

Titresheni ya mkono kwa njia ya Volhard

Mashine ikiharibika, au jibu lake likitiliwa shaka, njia ya Volhard ya mwaka 1874 bado ni ya kutegemewa. Wazo lake: mimina fedha nyingi kuliko inavyohitajika kwenye mkojo wenye asidi, kloridi yote ishikwe kama mashapo meupe, kisha pima fedha iliyobaki kwa thayosianati. Asidi ya nitriki ndiyo inayoifanya ifae kwa mkojo, kwa sababu fosfeti na urati hazishiki fedha kwenye asidi. Njia ya Mohr, inayotumia kromati bila asidi, huzihesabu hizo kama kloridi na hutoa jibu la juu. Na zile njia za zamani za zebaki ziachwe kabisa. Hakuna sababu ya kumwaga zebaki wakati fedha inafanya kazi hiyohiyo.

Andaa hivi. Nitrati ya fedha ya 0.1 mol/L: gramu 16.99 za nitrati iliyokaushwa, kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa, ndani ya chupa ya kahawia. Thayosianati ya potasiamu ya 0.1 mol/L: gramu 9.72 kwenye lita, ila chumvi hii hunyonya unyevu, hivyo nguvu yake halisi lazima ihakikiwe kwa kuipima dhidi ya nitrati ya fedha. Asidi ya nitriki ya takriban 6 mol/L: mililita 38 za asidi kali, ukizimimina polepole kwenye maji, kisha ufikishe mililita 100. Asidi iingie kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Kiashiria ni alamu ya chuma, yaani salfeti ya amoniamu na chuma (III), gramu 40 kwenye mililita 100 za maji na matone machache ya asidi ya nitriki. Mwisho, sodiamu kloraidi ya 100 mmol/L ya kukagulia: gramu 5.844 za chumvi safi iliyokaushwa kwenye lita.

Vaa glovu na miwani. Nitrati ya fedha huacha madoa meusi kwenye ngozi yanayokaa siku nyingi, na machoni ni hatari ya kweli. Vyombo vyote visuuzwe kwa maji yaliyokenekwa. Ili kujua kama maji yako ni safi, tia matone mawili ya nitrati ya fedha kwenye mililita 10 za maji hayo: yakibaki angavu yanafaa, yakiwa na wingu jeupe kama moshi ndani ya glasi, yana kloridi na kazi yote itapotoka.

1. Pima kwa pipeti mililita 10.0 za mkojo uliochanganywa vizuri, weka kwenye flaski ya mililita 250.
2. Ongeza mililita 40 za maji yaliyokenekwa na mililita 5 za asidi ya nitriki ya 6 mol/L.
3. Ongeza kwa pipeti mililita 25.0 za nitrati ya fedha, ukitikisa. Ziba na utikise kwa nguvu dakika moja, hadi mashapo yagandamane kama maziwa yaliyokatika na maji ya juu yaanze kung'aa.
4. Chuja kwa karatasi, ukipokea maji kwenye flaski safi. Osha mashapo mara tatu kwa mililita 10 za asidi ya nitriki iliyopunguzwa mara mia, na maji ya kuoshea yaingie kwenye flaski hiyohiyo.
5. Ongeza mililita 2 za alamu ya chuma.
6. Titreti kwa thayosianati kutoka kwenye bureti, ukizungusha flaski muda wote, hadi rangi hafifu ya hudhurungi-nyekundu itokee na kukaa sekunde 15.

Kuchuja si hatua ya kuruka. Kloridi ya fedha huyeyuka kidogo zaidi kuliko thayosianati ya fedha. Mashapo yakibaki ndani, thayosianati huanza kuyashambulia: rangi inatokea, inafifia, unaongeza tone, inafifia tena. Unatumia thayosianati zaidi ya inavyopaswa na kloridi inasomeka chini. Kwenye vitabu utakuta ushauri wa kufunika mashapo kwa nitrobenzini badala ya kuchuja. Inafanya kazi, lakini ni sumu inayopita kwenye ngozi, na karatasi ya kuchujia haijawahi kumdhuru mtu.

Fanya pia titresheni tupu: badala ya mkojo weka mililita 10.0 za maji yaliyokenekwa. Uite ujazo wake wa thayosianati V0. Nguvu zote zikiwa 0.1 mol/L kamili, V0 itakuwa karibu na mililita 25.0. Hesabu ni hii:

Kloridi (mmol/L) = (V0 − V) × nguvu ya thayosianati × 1000 ÷ 10

Kwa nguvu ya 0.1 inakuwa (V0 − V) × 10. Mfano: V0 ni 25.0, V ni 16.4, tofauti ni 8.6, kloridi ni 86 mmol/L. Kama huo ni mkusanyo wa saa 24 wenye mililita 1650, zidisha 86 kwa 1.65 upate milimoli 142 kwa siku. Daktari akitaka kwa chumvi ya mezani, zidisha kwa 58.44 na ugawe kwa 1000: gramu 8.3. Suluhisho lako la kukagulia la 100 mmol/L lipitie hatua zilezile na litoe tofauti ya mililita 10.0. Likitoa 9.7 au 10.4, tafuta sababu kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa.

Rangi nyekundu ikitokea kwenye tone la kwanza kabisa, fedha imekwisha, maana kloridi ya mkojo huo imefika au kupita 250 mmol/L. Rudia kwa mililita 5.0 za mkojo na uzidishe kwa mbili. Kinyume chake, mkojo wenye kloridi ya 8 utatoa tofauti ya mililita 0.8 tu. Tone moja la bureti ni kama mililita 0.05, sawa na 0.5 mmol/L, kwa hiyo titresheni mbili au tatu zikikubaliana ndani ya mililita 0.1 bado unaweza kusema kwa uhakika kwamba jibu liko chini ya 20. Usijaribu kutofautisha 7 na 8 kwa njia hii.

Mkojo mweusi kwa nyongo, damu au dawa huficha rangi ya mwisho. Baada ya kuongeza nitrati ya fedha, na si kabla, tia matone machache ya pamanganati ya potasiamu, kwenye baridi, ukitikisa hadi zambarau yake ipotee. Ukiitia kabla ya fedha, au ukipasha moto, pamanganati huweza kugeuza kloridi kuwa gesi ya klorini na ikatoroka. Na zambarau ikiwa bado ipo unapoanza titresheni, itaila thayosianati. Kama chumba kina joto kali, poza flaski kwenye maji baridi, kwani rangi ya mwisho hufifia haraka kwenye joto.

Taka za fedha ziwekwe kwenye chupa yake yenye lebo na zipelekwe kwenye utaratibu wa taka za kemikali. Usizichanganye na amonia: mchanganyiko huo ukikaa hutengeneza kitu kinacholipuka. Mabaki ya mkojo yenye asidi yasimwagiwe dawa ya klorini, kwa sababu gesi ya klorini itatoka papo hapo.

Kipimo cha matone kando ya kitanda

Pasipo bureti wala mashine kuna kipimo cha Fantus. Weka matone 10 ya mkojo kwenye mrija, suuza kitoneshi kwa maji yaliyokenekwa, ongeza tone 1 la kromati ya potasiamu ya asilimia 20, suuza tena, kisha tonesha nitrati ya fedha ya asilimia 2.9 huku ukihesabu na kutikisa. Manjano ikigeuka ghafla kuwa rangi ya tofali, simama. Idadi ya matone ya fedha ni gramu za chumvi kwa lita moja ya mkojo, na kila gramu ni kama 17 mmol/L. Kitoneshi kiwe kilekile kwa vimiminika vyote vitatu, kishikwe wima, vinginevyo matone hayalingani na hesabu inaanguka. Rangi ikigeuka kwenye tone la kwanza, kloridi ni ya chini sana. Kipimo hiki kinatenganisha chini sana na nyingi, basi. Kromati husababisha saratani, kwa hiyo glovu ni lazima hapa pia.

Kusoma jibu na kuliandika

Weka kloridi kando ya sodiamu na potasiamu za sampuli hiyohiyo, na ufanye hesabu: sodiamu + potasiamu − kloridi. Kwa mgonjwa mwenye asidosisi na kuharisha, figo hutoa amonia nyingi, amonia hubeba kloridi, na jibu huwa hasi, mathalani 30 + 25 − 95 = −40. Jibu likiwa chanya kwenye asidosisi ya kloridi nyingi ya damu, huenda mirija ya mwisho ya figo haitoi asidi. Kwa aliyetapika, hesabu hupanda juu sana, kama 60 + 40 − 8 = 92, kwa sababu bikaboneti imechukua nafasi ya kloridi. Hesabu hii haina maana pale kuna ketoni nyingi kwenye mkojo.

Hesabu hiyohiyo ni mlinzi wa maabara. Sodiamu 90, potasiamu 45, kloridi 210 inatoa −75. Kabla ya kuwaza ugonjwa, rudi kwenye chupa na karatasi ya pH.

Mkojo wa mara moja hauna kiwango cha kawaida kinachofaa watu wote, kwa kuwa kloridi hufuata chumvi iliyoliwa na maji yaliyonywewa. Kwa hiyo usiweke alama ya "juu" au "chini" kwenye jibu lake. Andika namba, kizio cha mmol/L, njia iliyotumika, saa ya sampuli, na maelezo mafupi kwamba katika alkalosisi chini ya 20 na zaidi ya 40 ndizo namba za kuamulia. Jibu likiwa kati ya 20 na 40, au kama fomu haikutaja dawa ya kuongeza mkojo, piga simu wodini uulize, kisha pendekeza sampuli nyingine ichukuliwe kabla ya dozi inayofuata.